Joka la Wachina halitemi moto: kazi yake ni mvua, na akizembea anakatwa kichwa

Mkata Nanga (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Kila likitajwa joka humu ndani watu wanaleta picha ileile: mabawa ya popo, moto mdomoni, limelalia dhahabu pangoni, na kijana wa Kizungu anakuja na mkuki. Halafu mtu huyohuyo akiona joka limechorwa kwenye nguzo za hoteli ya Wachina anadhani ni mnyama yuleyule. Siye. Joka la Wachina kwa kawaida halina mabawa, moto si fani yake, na hakuna binti wa mfalme aliyefungwa kwenye mti akilisubiri. Mambo yake ni maji: mito, visima, maziwa, bahari, mawingu, na zaidi ya yote mvua. Ukishika hapo, mengine hayakusumbui.

Kwanza umbo. Kuna orodha yao ya kale inayolijenga joka kwa viungo tisa vya kuazima: pembe za kulungu, kichwa cha ngamia, macho ya pepo (wengine husema ya sungura), shingo ya nyoka, tumbo la chaza, magamba ya samaki, kucha za tai, nyayo za simbamarara na masikio ya ng'ombe. Magamba mgongoni ni 81, yaani tisa mara tisa, maana tisa kwao ndiyo namba kubwa ya upande wa yang, yaani upande wa mwanga na uanaume. Xu Shen, aliyetunga kamusi maarufu ya maandishi ya Kichina karibu mwaka 100 BK, anasema joka linaweza kujificha au kung'aa, likawa dogo au kubwa, fupi au refu. Na anaongeza kwamba katikati ya machipuko, usiku na mchana vinapolingana, linapanda mbinguni, na vinapolingana tena wakati wa vuli linazama vilindini.

Hebu soma hiyo kwa jicho la mkulima wa kaskazini mwa China, ambako majira ya baridi ni ukavu mtupu na mvua inarudi joto likirudi. Huyo mkulima anasoma kalenda ya shamba.

Mpaka leo tarehe 2 ya mwezi wa pili wa kalenda yao inaitwa siku ya joka kuinua kichwa. Siku hiyo vinyozi hawapumziki, foleni inafika nje. Kisa? Kuna imani kwamba ukinyoa nywele mwezi wa kwanza, mjomba wako anakufa. Kwa hiyo watu wanafuga nywele mwezi mzima kumlinda mjomba, kisha joka likiinua kichwa nao wanakwenda kusafishwa vichwa. Siku hiyo vyakula navyo hupewa majina yake. Tambi zinaitwa ndevu za joka.

Sasa niwape kisa kimoja kilichonifanya nianzishe uzi huu. Kimo kwenye riwaya ya karne ya 16 ya Safari ya Magharibi, ile ya nyani Sun Wukong. Watu wengi wanamkumbuka nyani tu, lakini mwanzoni kabisa kuna kesi ya joka wa mto Jing.

Mto Jing uko karibu na Chang'an, mji mkuu wa zamani, leo Xi'an. Mvuvi mmoja alikuwa anajisifu kwamba mpiga ramli wa mjini anamwambia kila siku atupe nyavu wapi, na hajawahi kurudi mikono mitupu. Askari doria wa Mfalme Joka wa mto huo akasikia, akakimbia kupeleka taarifa: bosi, tukiendelea hivi tutakwisha. Mfalme Joka akajigeuza msomi aliyevaa nguo nyeupe, akaingia mjini, akamkalia mpiga ramli mbele ya meza. Akamuuliza: kesho mvua itanyesha?

Mpiga ramli akamjibu bila kupepesa. Mawingu yatatanda saa 1 asubuhi, radi saa 3, mvua itaanza saa 5, na saa 7 mchana itakuwa imetosha. Kipimo: futi tatu na inchi tatu za Kichina, na matone 48.

Mfalme Joka akacheka. Yeye ndiye mkuu wa mvua eneo lile, na hakuwa na amri yoyote mezani kwake. Wakawekeana dau: mpiga ramli akipatia analipwa dhahabu, akikosea kibao chake kinavunjwa na anafukuzwa mjini. Joka akarudi mtoni anatamba. Hajakaa sawasawa, amri ya Mfalme wa Mbinguni ikashuka. Kufungua, saa zilezile, kipimo kilekile, mpaka lile tone la 48.

Hapo ndipo mshauri wake alipompa wazo la kishenzi. Akachelewesha kila hatua kwa saa mbili, akapunguza inchi tatu na matone manane. Kesho yake akaenda kuvunja kibao cha mpiga ramli. Mzee wa watu hata hakuinuka kwenye kiti. Akamwambia: mimi sina kosa, wewe ndiye umechezea amri ya mbinguni, na kesho mchana utakatwa kichwa, na mkataji ni Wei Zheng, waziri wa Mfalme Taizong.

Joka akamtokea Taizong ndotoni akimlilia amzuie waziri wake. Mfalme akaahidi. Kesho yake akamwita Wei Zheng wacheze bao lao la kete nyeusi na nyeupe, amshikilie mpaka muda upite. Katikati ya mchezo waziri akasinzia juu ya meza. Mfalme akamwonea huruma, akamwacha alale. Muda si mrefu maofisa wakaingia na kichwa cha joka kinachuruzika damu, kimeanguka kutoka mawinguni. Wei Zheng akaamka, akaomba radhi kwa kusinzia, akasema: nimetoka kumkata sasa hivi, ndotoni.

Inchi tatu na matone manane, wakuu. Hilo ndilo joka la Wachina. Ni mtumishi: ana eneo lake, ana amri ya maandishi, na ana mkaguzi.

Naendelea nikipata chai.

---

Ngosha Mpole

Mkuu umenishika pabaya, nilikuwa naelekea kulala. Kwa hiyo joka ana bosi, na huyo bosi ana makaratasi. Je, wananchi wa kawaida nao walikuwa na sauti, au wanasubiri huruma tu?

---

Mkata Nanga

Ngosha, walikuwa na sauti na walikuwa na ukali.

Vijiji vingi vilikuwa na hekalu dogo la Mfalme Joka, mara nyingi kando ya kisima au mto. Ukame ukianza wanampelekea ubani, wanachinja nguruwe, wanamletea wacheza opera aburudike. Zikipita wiki na mbingu bado nyeupe, adabu inakwisha. Wanaitoa sanamu hekaluni na kuiweka juani, uwanjani, ili aone mazao yanavyoona. Sehemu nyingine walidiriki kuichapa. Mvua ikinyesha wanamrudisha kwa heshima, wanampaka rangi upya na opera inalipiwa tena.

Na wafalme walifanya mambo yaleyale kwa lugha ya serikali. Mwanzoni mwa karne ya 12, Mfalme Huizong wa utawala wa Song aliwapa majoka wa rangi tano vyeo rasmi vya ufalme, kama anavyopandishwa cheo mkuu wa jimbo. Wafalme wa Qing, utawala wa mwisho wa kifalme, walikwenda kuomba mvua kwenye hekalu la Heilongtan, kaskazini magharibi mwa Beijing, ambako kuna dimbwi linaloaminika kuwa makazi ya joka jeusi.

Mimi naona hapa kuna kitu Wachina wanatuzidi: hawakumpa mungu wa mvua uhuru wa kuwa na siku mbaya.

Nyongeza nyingine ndogo kabla sijasahau. Ule mto mkubwa unaowatenganisha na Warusi, ambao Warusi wanauita Amur, Wachina wanauita Heilongjiang, mto wa joka jeusi. Watu wa kule wanasimulia kwamba joka jeusi alizaliwa na mwanamke wa Shandong. Baba kuona mtoto ni nyoka mwenye pembe akatupa upanga, ukakata mkia. Mtoto akakimbilia kaskazini, na wakampa jina Li Mkia Butu. Kule akamkuta joka jeupe analitesa eneo kwa mafuriko, wakapigana. Wanakijiji walisimama ukingoni na vikapu viwili. Maji yakichemka meusi walitupa mikate ya mvuke ili Li apate nguvu, yakichemka meupe walitupa mawe na chokaa. Li akashinda, mto ukawa wake.

Utamu uko kwenye tabia iliyobaki. Manahodha wa vivuko vya mto ule kabla ya kung'oa walikuwa wanauliza: kuna mtu wa Shandong humu? Mtu yeyote anajibu yupo, hata kama hayupo. Ndipo wanaondoka, maana Li hazamishi ndugu wa mama yake.

---

Mama Nuru

Nimesoma yote, kisa kizuri, lakini naomba tusijisahau. Joka ni nani? Ufunuo sura ya 12 iko wazi: ni yule nyoka wa zamani, Ibilisi na Shetani. Sasa taifa zima linajiita watoto wa joka na sisi tunashangilia?

---

Mkata Nanga

Shikamoo Mama Nuru. Hoja yako si ngeni, wamisionari waliofika China waligongana na jambo hilohilo, wengine wakaona majoka kwenye mahekalu na kuhitimisha kama wewe. Lakini hii mila ilikuwa imekomaa kabla Ufunuo haujaandikwa, na haijui lolote kuhusu Edeni. Yule wa Ufunuo na huyu wa mto Jing ni wahusika wa simulizi mbili ambazo hazikukutana.

Ila nisiwadanganye kwamba majoka yote ya China ni wema. Wanayo mabaya, hasa yale ya mafuriko. Nenda Dujiangyan, karibu na Chengdu. Karne ya 3 KK gavana Li Bing aligawanya mto Min kwa kisiwa cha kutengeneza na kukata mlima ili maji yaingie bonde la Chengdu. Mradi unamwagilia mashamba mpaka leo. Simulizi linasema alimkamata joka aliyekuwa analeta mafuriko na kumfunga mnyororo chini ya maji, na pale juu kuna hekalu linaloitwa la Joka Lililotiishwa. Injinia amechimba, watu wakamkumbuka kama mfunga joka.

Na mwanafalsafa Zhuangzi anamtaja bwana mmoja aliyeuza mali zote za nyumbani akasomea kuchinja majoka. Miaka mitatu akahitimu, fundi kabisa. Akakosa pa kuutumia ufundi wake. Hiyo naiacha hapa kwa wenye shahada zao.

---

Kijiwe Nongwa

😂😂 Hiyo ya mwisho umetupiga watu wa kozi fulani mkuu. Sisi mabanda ya video yalitufundisha joka moja tu, Bruce Lee.

---

Mkata Nanga

Kijiwe, huyo naye yumo. Jina lake la kazi Hong Kong lilikuwa Joka Mdogo, na alizaliwa Novemba 1940, mwaka wa joka (kwao miaka hupewa majina ya wanyama kumi na wawili kwa zamu). Jackie Chan naye jina lake la Kichina la kwenye filamu lina joka ndani yake.

---

Mbeba Mzigo Guangzhou

Nipo China kwa biashara muda mrefu kidogo, nichangie la macho yangu. Watu wakisikia mashindano ya mitumbwi ya joka wanadhani ni kitu cha kupangwa na serikali kwa ajili ya watalii. Kwa vijiji vya hapa Guangzhou si hivyo. Vijiji vyenyewe vimemezwa na maghorofa, lakini ukoo bado upo, na mtumbwi wa ukoo upo.

Unajua unakaa wapi mwaka mzima? Chini ya tope. Wanauzamisha kwenye mfereji au bwawa la kijiji wanaufukia kabisa, kwa sababu mbao zake ngumu zikikaa juani zinapasuka. Mwezi wa nne wa kalenda yao wanaume wanaingia majini mpaka kifuani, wanapapasa kwa miguu mpaka waupate, wanachota tope kwa mikono na ndoo, wanautingisha huku na huku mpaka unaibuka. Fataki zinapigwa, ngoma inapigwa, wanauosha. Mtumbwi mrefu huo, unabeba makumi ya watu. Kichwa cha joka kinatunzwa mbali, kwenye nyumba ya mababu, na kinafungwa baadaye. Hiyo siku nilisimama darajani Chebei nikasahau kwamba nina mteja ananisubiri.

Kisha kuna kula. Meza zinapangwa barabarani, kijiji kizima na wageni kutoka vijiji rafiki. Na akina mama wanabeba wali kidogo kurudi nao nyumbani, wanasema mtoto akila wali wa mtumbwi wa joka anakua na afya.

Mkata Nanga, hawa jamaa wanasema ni kumkumbuka mshairi aliyejitupa mtoni. Wengine wananiambia mshairi hahusiki. Ipi kweli?

---

Mkata Nanga

Mkuu, umeniletea dhahabu, asante.

Simulizi linalojulikana ni la Qu Yuan, mshairi na waziri wa dola ya Chu, aliyejitupa mto Miluo karibu mwaka 278 KK baada ya mji mkuu wake kutekwa. Watu wakakimbiza mitumbwi kumtafuta, wakatupa mchele majini samaki wasimguse. Ndiyo asili ya ule mchele unaofungwa kwenye majani mnaokula siku ya sherehe ya mitumbwi.

Lakini ukiniuliza mimi, nipo upande wa wale wanaosema mshairi amekuta sherehe tayari ipo. Msomi Wen Yiduo, aliyeuawa Kunming mwaka 1946, alitetea kwamba siku hiyo ilikuwa ya watu wa kusini, wa dola za kale za Wu na Yue, waliolichukulia joka kama babu yao, wakajichora miilini ili wanyama wa majini wawaone ndugu. Na mji wa Suzhou siku hiyohiyo unamkumbuka mtu mwingine kabisa, Wu Zixu. Sherehe ya maji ya mwezi wa tano, wakati mpunga unahitaji mvua, kila eneo likaiweka jina la shujaa wake.

UNESCO iliiorodhesha mwaka 2009, kwa hiyo sasa mtumbwi wa tope una cheti.

---

Mvuvi wa Shela

Salaam kwenu nyote kutoka Lamu. Sisi wa pwani naona mwatusahau. Malindi si ndiyo iliyopeleka twiga China?

---

Mkata Nanga

Waalaykum salaam. Mwaka 1415, ndiyo, Malindi ilimpeleka twiga kwa Mfalme Yongle, zama za safari za Zheng He, amiri wa meli za China. Mwaka mmoja kabla alikuwa ameshapata mwingine kupitia Bengal. Maofisa wa ikulu wakasema huyu ndiye qilin, mnyama wa heri ambaye hutokea mfalme akiwa mwadilifu. Katika vitabu vyao vya kale qilin, joka, kobe na ndege feng ndio wanyama wanne wa heri. Kwa hiyo twiga wa Malindi aliingizwa familia moja na joka bila kuulizwa.

Lakini Mvuvi, pwani yenu ina kiunganishi kikubwa zaidi ambacho watu hawakisemi. Ambari.

Mnajua ambari ilivyo, ile inayookotwa ufukweni au inaelea, inatiwa kwenye manukato. Wachina wa zamani waliamini ni mate ya joka, na ndivyo wanavyoiita mpaka leo. Mwaka 1225 Zhao Rugua, ofisa aliyesimamia forodha ya bandari ya Quanzhou, aliandika alichosikia kwa mabaharia. Anasema kwenye bahari ya magharibi ya Waarabu kuna majoka mengi. Joka likiegemea jiwe likalala, mate yake yanaelea juu ya maji, yanajikusanya, yanakuwa magumu, na wavuvi wanayaokota. Na alipofika kwenye nchi ya Zanji, pwani yetu hii, anataja bidhaa zake: pembe za ndovu, dhahabu, ambari na msandali wa manjano.

Yaani karani wa forodha wa Quanzhou, akiwa na vipande vya kijivu mezani anapanga ushuru, alikuwa anaamini mababu zenu wanavua kandokando ya majoka yaliyolala.

---

Mvuvi wa Shela

Maji haya ninayapita kila siku, joka sijaliona, ila nyangumi wapo. Na ambari ni ya nyangumi, wazee wangu wanajua hilo. Vigae vya bakuli za Kichina navyo vimetapakaa, Gedi, Kilwa, hata kwetu.

---

Mkata Nanga

Ndiyo, inatoka tumboni mwa nyangumi wa aina ya kashaloti, wala hujakosea. Na vile vigae vya kijani kibichi kama jade vilivyofukuliwa Gedi na Kilwa, vingi ni vya tanuru za Longquan, mkoa wa Zhejiang. Mji huo jina lake ni chemchemi ya joka. Biashara yote ilikuwa inapita mlango wa joka kwa namna moja au nyingine.

---

Daktari wa Mizizi

Swali la kitaalamu. Je, nyuma ya joka kuna mnyama wa kweli? Mamba? Chatu? Au waliona mifupa ya dinosaria?

---

Mkata Nanga

Kila jibu lina watu wake. Kuna wanaosema mamba, maana bonde la Yangtze lina mamba wake mdogo na zamani walikuwepo wengi na wakubwa zaidi. Kuna wanaosema radi yenyewe. Wen Yiduo niliyemtaja alidai ni nyoka wa ukoo mmoja aliyeongezewa pembe na kucha kila ukoo huo ulipomeza koo nyingine. Nadharia hiyo inapendwa sana shuleni kwao kwa sababu inafanya joka kuwa picha ya umoja wa taifa, na kwa sababu hiyohiyo mimi naishuku.

Tulicho nacho mkononi ni hiki. Mwaka 1987 huko Puyang, mkoa wa Henan, lilifukuliwa kaburi la zaidi ya miaka 6,000. Ndani kuna mwanamume mrefu, amelazwa chali. Upande mmoja simbamarara, upande mwingine joka, wote wamepangwa kwa maganda ya kome, joka lenyewe karibu mita 1.8, shingo ndefu, miguu, mkia. Aliyezikwa hapo hakuwa mtu wa hivihivi. Kuna pia pete nzito za jade za utamaduni wa Hongshan, kaskazini mashariki, zenye kichwa kinachofanana na nguruwe na mwili uliojikunja. Na Erlitou, mji wa kale huko Henan, mwaka 2002 lilipatikana joka la vipande zaidi ya 2,000 vya feruzi, limewekwa juu ya maiti kama fimbo ya cheo. Ukiyaweka yote matatu pamoja hayafanani, na mimi hilo linanifurahisha kuliko nadharia yoyote.

Mifupa sasa, daktari, hii ni ya kwako. Kwa karne nyingi maduka ya dawa ya China yaliuza mifupa ya joka. Inasagwa, inachemshwa, kwa ajili ya mapigo ya moyo, usingizi, kutokwa na jasho. Kwa kweli mingi ni mifupa ya kale ya wanyama iliyogeuka jiwe. Mwaka 1899 ofisa Wang Yirong huko Beijing alitambua kwamba baadhi ina maandishi. Ndiyo mifupa ya ramli ya utawala wa Shang kutoka Anyang, maandishi ya zaidi ya miaka 3,000, na miongoni mwa maswali yaliyochongwa humo mengi ni: je, itanyesha? Inasimuliwa wakulima walikuwa wanakwangua yale maandishi kabla ya kuuza, kwa sababu mfupa wenye mikwaruzo ulishusha bei. Kwa hiyo historia ya taifa ilinywewa kama supu na watu waliokosa usingizi.

Mlima wa Zhoukoudian nao uliitwa Mlima wa Mifupa ya Joka, na ndipo mwaka 1929 Pei Wenzhong alipotoa fuvu la yule binadamu wa kale wa Peking. Na mwaka 1935 mtaalamu wa visukuku, von Koenigswald, aliokota jino kubwa kwenye duka la dawa Hong Kong, likawa la nyani mkubwa kuliko wote tunaowajua. Duka la dawa, si porini.

---

Daktari wa Mizizi

Nimenyoosha mikono. Kuanzia leo kila mzizi nausoma kwanza kabla sijausaga.

---

Mwalimu Zamu

Mwaka 2024 ulikuwa wa joka, na nilisikia China walizaa sana. Kweli au porojo?

---

Mkata Nanga

Kweli, ila kidogo. Watoto milioni 9.54 mwaka 2024 dhidi ya milioni 9.02 mwaka 2023, baada ya kushuka miaka mfululizo. Taiwan mwaka wa joka wa 2000 nao uliinua takwimu, Singapore vilevile huko nyuma. Tatizo unalijua wewe mwalimu: wote wanaingia darasa la kwanza siku moja, wanagombea madawati yaleyale, na baadaye ajira zilezile. Bahati yao inapungua kwa wingi wa wenye bahati.

---

Kijiwe Nongwa

Mkuu mimi swali la mfukoni. Bibi yangu ana bakuli la zamani, joka la bluu, kucha nne. Nimesikia joka la kucha tano ni la mfalme. Hili la nne ni la nani, na linauzwaje?

---

Mkata Nanga

Hahaha, nilijua tutafika huku.

Habari ya kucha iko hivi. Kuanzia utawala wa Yuan, karne ya 14, raia walipigwa marufuku kuvaa joka la pembe mbili na kucha tano. Ming na Qing wakakaza: tano za mfalme na jamaa zake wa karibu, nne za wakubwa walioruhusiwa. Vipo vyombo vya ikulu vilivyobaki ambavyo ukucha wa tano umekwanguliwa na mtu, ili kiweze kutoka nje ya lango bila mwenye nacho kupelekwa mahakamani. Wafalme walilishika hilo joka kwa nguvu kwa sababu Liu Bang, mwanzilishi wa utawala wa Han mwaka 202 KK, alikuwa mtoto wa wakulima, na mwanahistoria Sima Qian anaandika kwamba mama yake alipumzika kando ya ziwa, radi ikapiga, na baba alipokwenda kumtazama akakuta joka juu yake. Mkulima akishakuwa mfalme lazima apate baba mkubwa zaidi.

Lakini viwanda vya Jingdezhen, mji wa vyombo vya kaure, vilichora joka la kucha nne na tatu kwa kila mteja, Asia hadi Ulaya, na tangu mwaka 1912 mfalme alipoondoka kila mtu anachora tano akitaka. Kucha peke yake hazikwambii umri wala bei.

Ligeuze bakuli. Tazama ukingo wa kitako, pale pasipo na rangi: udongo ni mweupe laini au una chembechembe? Kuna maandishi ya bluu katikati? Yakiwepo, usishangilie bado, alama za wafalme zilinakiliwa na kila kizazi kilichofuata. Piga picha ya kitako mchana, bila flashi, itupie hapa. Na bibi asilioshe kwa steelwire.

---

Kijiwe Nongwa

Bibi anasema halishikwi, anatunzia mbegu za mchicha. Nitapiga Jumapili akienda kanisani.